Meno ya utotoni ni amana, tusiseme "yatang'oka tu"

Shukrani zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora akampa kinywa, ulimi na meno ili ale riziki Yake na amtaje kwa sifa Zake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, masahaba zake na wote waliofuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, katika Hadithi iliyopokewa na Imam Bukhari na Imam Muslim, Mtume (SAW) ametueleza kwamba alikuwa akiingia katika Swala akiwa na nia ya kuirefusha, kisha husikia kilio cha mtoto mchanga, basi huifupisha, kwa kuwa anajua jinsi mama wa mtoto yule anavyoumia moyo. Tuitafakari Hadithi hii vizuri. Swala ni nguzo ya dini, na aliyekuwa akiswalisha ni mbora wa viumbe. Pamoja na hayo, kilio cha mtoto mmoja kilitosha kufupisha kisomo cha jamaa nzima.

Leo nataka tuulizane juu ya kilio ambacho kinasikika katika nyumba zetu nyingi, na ambacho wengi wetu tumekizoea hata hatukihesabu kuwa ni kilio. Nacho ni kilio cha mtoto mdogo anayeumwa na jino usiku.

Mtoto aliyekataa kusoma

Sitaanza na makosa ya wazazi. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikisomesha chuoni watoto wa juzuu ya Amma. Miongoni mwao alikuwamo kijana wa miaka sita, hodari wa kuhifadhi, ambaye aliwapita wenzake wote. Asubuhi moja nilipomwita asome, aliinamisha kichwa na kunyamaza. Nikamwita mara ya pili, akanyamaza. Nikaona ni ukaidi umemwingia, kwani watoto hodari nao huingiwa na kiburi, nikamsimamisha ukutani mpaka karibu na Adhuhuri. Hakulia wala hakujitetea. Alishika shavu lake tu.

Bibi yake alipokuja kumchukua, alinisalimu kisha akasema, "Maalim, utuwie radhi, mtoto huyu leo ni usiku wa tatu hajalala kwa jino, wala chakula hakipiti." Nikamwomba kijana afungue kinywa. Gego la chini lilikuwa limeliwa mpaka kwenye fizi, na pembeni yake pamevimba kijipu chenye usaha. Nikafahamu kwamba nimemwadhibu mtoto kwa sababu ya maradhi yake. Nikaikumbuka ile Hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, ambayo Mtume (SAW) anamtoa katika mwenendo wetu mtu asiyewahurumia wadogo zetu, nikaona haya mbele ya mtoto wa miaka sita.

Na hilo si lote. Katika saduku langu la vitabu nilikuwa na kopo la peremende, na kila aliyesoma vizuri nilikuwa nikimpa moja. Kijana yule, kwa kuwa alikuwa hodari, ndiye aliyepata nyingi kuliko wote.

Jino linaoza vipi?

Wazee wetu wakisema kwamba jino limeliwa na mdudu. Wataalamu wa tiba wanatufahamisha kwamba hakuna mdudu anayetambaa ndani ya jino, bali kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi katika utando unaoganda juu ya meno. Vijidudu hivi hula sukari tunayoila sisi, na baada ya kuila hutoa asidi. Asidi hiyo hulimong'onyoa tabaka gumu la nje la jino kwa muda wa takriban nusu saa kila mara sukari inapoingia kinywani. Baada ya hapo mate, ambayo Mwenyezi Mungu ameyaweka kuwa ni kinga, huanza kulitengeneza jino na kulirudishia madini yake.

Hapa ndipo ilipo siri ambayo wazazi wengi hawaijui. Madhara hayatokani na wingi wa sukari peke yake, bali pia na idadi ya mara ambazo mtoto anaila. Mtoto anayekula kipande cha halua pamoja na chakula cha mchana, kisha akanywa maji, meno yake hupata nafasi ya kupumzika. Ama yule anayemung'unya peremende kila saa na kunyonya juisi kidogo kidogo kutwa nzima, mate yake hayapati fursa ya kutengeneza kilichoharibika.

Meno ya utotoni ni 20. Huanza kuota mtoto akiwa na miezi sita hivi, na hukamilika anapokaribia miaka mitatu. Tabaka lake gumu ni jembamba kuliko la meno ya ukubwani, kwa hiyo uozo ukiingia huenda mbio. Dalili yake ya kwanza si tundu wala weusi, bali ni mstari mweupe uliofifia, kama chokaa, karibu na fizi za meno ya mbele ya juu. Katika hatua hiyo uozo unaweza kuzuiwa. Basi kila mwezi mara moja, mzazi ainue mdomo wa juu wa mtoto wake kwenye mwanga na kutazama.

Maradhi haya si ya watu wachache. Katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba takriban watoto milioni 514 duniani wana uozo katika meno ya utotoni.

Maumivu yanayoiba utoto

Baadhi ya watu husema, "Jino tu hilo." Lakini jino bovu halikai peke yake kinywani, bali huingia katika maisha yote ya mtoto.

La kwanza ni usingizi. Maumivu ya jino huzidi usiku, mtoto anapolala. Asipolala yeye hulala nani? Mama hukesha naye, baba huamka na hasira, na asubuhi mtoto hupelekwa shule akisinzia.

La pili ni chakula. Mtoto mwenye magego mabovu hukataa nyama, mihogo na matunda magumu, akapenda uji na chai, ambavyo mara nyingi vimejaa sukari. Mama hudhani ni deko. Kumbe mtoto anakwepa maumivu, na mwili wake unakosa lishe. Madaktari wameona katika nchi mbalimbali kwamba watoto wenye uozo mkubwa, wanapotibiwa, hurudi kula na kulala vizuri.

La tatu ni tabia. Mtoto wa miaka mitatu hajui kusema kwamba jino linamuuma. Atalia bila sababu inayoonekana, atawapiga wenzake, ataacha kucheza. Tutamwita mkorofi, nasi hatujamtazama kinywa.

La nne linatuhusu sisi watu wa vyuoni. Wanavyuoni wa tajwidi wametufundisha kwamba herufi tha, dhali na dhaa hutoka kwenye ncha ya ulimi pamoja na ncha za meno mawili ya mbele ya juu, yaitwayo thanaya, na kwamba herufi fa hutoka kwenye ncha za meno hayohayo pamoja na mdomo wa chini. Mtoto aliyepoteza meno hayo kwa kuoza akiwa na miaka mitatu atakaa na pengo mpaka afike miaka saba hivi. Hiyo ndiyo miaka anayojifunza kusema na kusoma. Ataipata vipi tha ya Suratul Kauthar au fa ya Suratul Falaq? Na wenzake wakimcheka, atajifunza kuziba mdomo kwa mkono kila anapotaka kucheka.

"Yatang'oka tu"

Hili ndilo neno linaloponza wengi. Ni kweli kwamba meno ya utotoni huondoka, lakini tujiulize, huondoka lini? Ya mbele huanza kung'oka mtoto anapofikia miaka sita, na magego ya utotoni hukaa mpaka miaka 10 hadi 12. Gego lililooza mtoto akiwa na miaka minne linatakiwa limtumikie miaka mingine sita au zaidi. Je, tutamwambia asubiri miaka sita akiwa na maumivu?

Isitoshe, jino la utotoni ni mlinzi wa nafasi ya jino linalokuja. Likitolewa kabla ya wakati wake, majirani zake huinamia pengo, na jino la ukubwani hukosa njia likaota upande. Nao usaha ukikaa kwenye mizizi ya jino la utotoni unaweza kuliharibu jino la ukubwani lililo chini yake, likatokeza likiwa na doa au dosari.

Jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalitambui ni kwamba mtoto anapofikia miaka sita hivi, huota gego jipya nyuma ya magego yote ya utotoni, bila ya jino lolote kung'oka. Hilo ni jino la ukubwani, na halina mbadala. Kwa kuwa hapakuwa na jino lililotoka, mzazi hudhani nalo ni la utotoni, akaliacha likaoza. Mtoto wa darasa la pili anapong'olewa gego hilo, amepoteza jino la umri wake wote.

Mtume (SAW) ametufundisha katika Hadithi ya Ibn Umar (RA), iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na akamtaja baba na mama kuwa ni wachunga nyumbani mwao. Hakuna mchungaji anayemwacha mnyama wake mgonjwa kwa hoja kwamba ataponea mbele ya safari.

Mlango ambao uozo unaingilia

Tutazame nyumba zetu kwa insafu. Mlango wa kwanza ni chupa ya usiku. Mtoto hulazwa na chupa ya maziwa yaliyotiwa sukari, au juisi, au chai, akalala nayo mdomoni. Usingizini mate hupungua, na utamu ule hukaa juu ya meno usiku kucha. Ikiwa mtoto hana budi kulala na chupa, basi ndani yake yawe maji matupu.

Ama maziwa ya mama, yasihukumiwe kwa kosa la wengine. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 233, amewaelekeza mama wanyonyeshe miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza unyonyeshaji, nayo sayansi inakubali kwamba hakuna chakula kilicho bora kwa mtoto mchanga. Lililo muhimu ni kwamba mtoto aliyekwisha ota meno asafishwe kinywa kabla ya kulala, na asizoeshwe vyakula vya sukari mapema.

Wapo wanaochovya chuchu ya mpira katika asali kila usiku, na wakiambiwa husema asali ni shifaa na tahniki ni Sunna. Tahniki ni Sunna bila shaka. Abdullah bin Zubeir (RA) alipozaliwa, Mtume (SAW) alitafuna tende akamsugulia kinywani. Lakini hilo hufanywa mara moja kwa tende kidogo sana, tena kwa mtoto asiye na jino hata moja. Si hoja ya kumlaza mtoto na utamu mdomoni kila usiku. Nayo asali, pamoja na sifa yake katika Suratun Nahl, madaktari wanatahadharisha asipewe kabisa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa kuwa huweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda.

Mlango wa pili ni nje ya shule na vyuo vyetu. Hapo pana ubuyu wa rangi, kashata, ashkirimu, peremende na barafu za sukari. Chupa moja ya soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari, sawa na vijiko saba hivi vya chai. Mwenyezi Mungu ametuhalalishia kula na kunywa katika Suratul Aaraf, aya ya 31, na papo hapo akatukataza israfu. Wengi wetu tunaikumbuka nusu ya mwanzo ya aya hiyo.

Mlango wa tatu ni Ramadhani. Watoto hukesha nasi wakila kaimati, tambi za sukari na tende, wakaamshwa daku, kisha wakarudi kulala bila kusafisha meno. Wapo pia wanaoona kwamba mswaki hauruhusiwi kutwa nzima ya mfungo. Ukweli ni kwamba katika madhehebu yetu ya Imam Shafii imeelezwa kuwa ni makuruhu kupiga mswaki baada ya jua kupinduka kwa aliyefunga, kwa sababu ya Hadithi inayosifu harufu ya kinywa chake mbele ya Mwenyezi Mungu. Hata hivyo Imam Nawawi mwenyewe, mkubwa wa madhehebu, alichagua kauli ya kutokuwapo karaha. Kwa vyovyote vile, hakuna anayezuia kupiga mswaki baada ya futari, kabla ya kulala na baada ya daku kabla ya alfajiri. Na mtoto ambaye hajabaleghe, Saumu haijamlazimu.

Sunna inayoanzia mkononi mwa mzazi

Ndugu Waislamu, hakuna umma uliohimizwa usafi wa meno kama umma huu. Katika Hadithi ya Abu Huraira (RA), Mtume (SAW) alisema kwamba lau si kuogopa kuwatia watu wake mashakani, angeliwaamrisha mswaki katika kila Swala. Bibi Aisha (RA) alipoulizwa ni jambo gani Mtume (SAW) alianza nalo anapoingia nyumbani, alijibu kuwa ni mswaki. Na saa ya kufariki kwake, ndugu wa Bibi Aisha aliingia na kijiti cha mswaki mkononi, Mtume (SAW) akakitazama, Bibi Aisha akafahamu kwamba anakitaka. Akakilainisha kwa meno yake, kisha akampa. Jina lenyewe la mswaki katika lugha yetu tumelitoa katika Kiarabu cha Hadithi hizo.

Katika kisa hiki mimi huona pia somo kwa wenye watoto. Aliyedhoofika hulainishiwa mswaki na ampendaye. Mtoto mdogo hana nguvu wala ustadi wa kusafisha meno yake. Kumpa mswaki wa dukani akiwa na miaka mitatu na kumwambia "nenda kapige" si kumsafisha. Wataalamu wanasema mzazi amsafishe kwa mkono wake mpaka afikie miaka saba au minane, asubuhi na kabla ya kulala, kwa mswaki mdogo laini na dawa ya meno yenye madini ya floraidi, ambayo huliimarisha jino. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu inatosha dawa ya kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Afundishwe kutema, wala asimeze.

Asije mtu akasema kwamba mswaki wa dukani si Sunna. Wanavyuoni wa Kishafii wameeleza kwamba Sunna hii hupatikana kwa kila kitu chenye kukwaruza kinachoondoa uchafu, ingawa mti wa araki ndio bora zaidi. Mkubwa atumie araki, na mtoto asafishwe kwa kile kinachomfaa.

Likishaoza, tusilitibu kwa kubahatisha

Mtume (SAW) ametuamrisha tutafute dawa, na akatujulisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila aliyateremshia dawa, isipokuwa uzee. Mafuta ya karafuu tunayojivunia Unguja na Pemba hutuliza maumivu ya jino kwa mtu mzima, lakini hayaondoi uozo, na ni hatari mtoto mdogo akiyameza. Kuweka aspirini juu ya fizi huziunguza. Kumpa mtoto vidonge vya rangi mbili alivyobakiza baba yake ni kosa kubwa zaidi, kwani dawa ya tetrasaiklini ikitumiwa na mtoto wa chini ya miaka minane inaweza kuyatia madoa meno yake ya ukubwani milele.

Wengine hukimbilia kung'oa kwa sababu wanaogopa mashine na gharama. Wajue kwamba ipo njia ya kusafisha jino lililooza kwa vyombo vya mkono, bila ya mashine ya umeme, kisha kuliziba kwa dawa inayonata. Njia hiyo ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na leo inatumika katika nchi nyingi. Ipo pia dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, inayopakwa juu ya jino bila ya sindano, ikausimamisha uozo, ingawa huacha weusi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizo za kuziba na kupaka, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, katika orodha yake ya dawa muhimu. Mzazi amuulize daktari wa meno juu ya njia hizi, na asingoje maumivu. Ziara ya kwanza inafaa iwe mtoto anapotimiza mwaka mmoja.

Ama mtoto akivimba uso au chini ya taya, akawa na homa, au akashindwa kumeza mate na kupumua vizuri, apelekwe hospitali saa ileile, hata ikiwa ni usiku wa manane. Usaha wa jino unaweza kusambaa na kuua.

Tuanze leo

Kijana yule wa chuoni aling'olewa gego lake, na baada ya siku chache akarejea na sauti yake. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa nilimsimamisha mbele ya wenzake. Kopo la peremende nililiondoa, na tangu siku hiyo zawadi ya anayehifadhi sura ni penseli, daftari au tunda. Na kabla ya kumhesabu mtoto kuwa mkaidi, humwomba kwanza afungue kinywa.

Nawaomba waalimu wenzangu wafanye hivyo, na nawaomba akina baba wasiwaachie akina mama peke yao kazi hii. Usiku wa leo, baada ya Isha, mchukue mwanao mapajani, inua mdomo wake kwenye taa na utazame, kisha umsafishe kabla hajalala. Ni kazi ya dakika mbili, na ukiifanya kwa nia ya kufuata Sunna na kuchunga amana, unatarajia malipo kwa Mola wako.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu wanaoumwa, awajaalie wawe watuliza macho yetu, na atusamehe pale tuliposikia vilio vyao tukarefusha shughuli zetu. Amin.